Kufundisha watoto wa rika tofauti nyumbani: msinunue mitaala mitatu

Mama Watatu (mleta uzi)

Habari zenu wadau.

Uzi huu ni wa mzazi ambaye sasa hivi ana orodha mbili au tatu za vitabu mezani, moja kwa kila mtoto, na anajiuliza siku itamtosha vipi. Nami nilikuwa hapo. Huu ni mwaka wa tatu nawafundisha wanangu nyumbani: mkubwa ana miaka 13, wa kati 10, kitindamimba 7. Mwaka wa kwanza nilimnunulia kila mmoja mtaala kamili wa darasa lake, nikiamini kwamba hiyo ndiyo haki, kila mtoto apate chake.

Mtaala kamili umeandikwa kwa mwalimu mwenye watoto wa umri mmoja. Mimi nilikuwa na madarasa matatu na kichwa kimoja. Masomo 6 mara watoto 3, vipindi 18 kwa siku. Mkubwa yuko kwenye Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, wa kati yuko kwenye dola ya Roma, mdogo yuko kwenye "familia yangu". Sayansi hivyo hivyo: umeme huku, mimea kule, misimu ya mwaka pembeni. Naanza saa 2 asubuhi, saa 10 jioni bado natafuta ukurasa. Na uchovu wangu haukuwa jambo baya kuliko yote. Kila nilipokaa na mmoja, wawili walikuwa kwenye foleni. Mwanangu wa kati mwaka ule alijifunza kusubiri kuliko alivyojifunza kitu kingine chochote, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Likizo ilipofika nilitandaza vitabu vyote sakafuni, nikawa naokota kimoja kimoja na kujiuliza: somo hili ni ngazi au ni uwanja?

Ngazi ni somo la kupanda kidato kwa kidato, ambalo huwezi kukanyaga cha nne kabla ya cha tatu. Hesabu ni ngazi. Mtoto asiyeelewa kugawanya hawezi kuelewa sehemu za namba (nusu, robo na kadhalika), na asiyeelewa sehemu atateswa na aljebra. Kujifunza kusoma ni ngazi. Tahajia na sarufi, kwa kiasi kikubwa, ni ngazi. Uwanja ni somo ambalo unaingia kwa lango lolote na kila mtu anacheza kwa nguvu zake: historia, jiografia, sayansi ya awali, sanaa, muziki, hadithi za kusomewa kwa sauti. Hakuna sababu mtoto wa miaka 7 asisikie habari za piramidi eti kwa sababu hajafika darasa la piramidi.

Kwa hiyo nilipunguza. Kila mtoto ana ngazi mbili za peke yake, hesabu na lugha. Hivyo ni vipindi 6. Mengine yote tunasoma pamoja, mada moja kwa watatu, vipindi 3 kwa siku. Jumla 9 badala ya 18. Pesa iliyobaki niliiweka kwenye kitu ambacho mwanzoni nilikidharau, yaani kiongozi cha mwalimu kilicho kizuri kwa hesabu, kwa sababu kule ndiko nilikokuwa nafundisha kwa kubahatisha.

Kwenye ngazi, msipange kwa umri wala kwa darasa aliloacha shuleni. Wachapishaji wengi wa vitabu vya hesabu huweka jaribio la kupima kiwango kabla hujanunua. Mpe mtoto afanye bila kumsaidia, akae mwenyewe, usimtazame kwa jicho la kumkemea. Mkubwa wangu alikuja na cheti cha darasa lake lakini kwenye sehemu za namba alikuwa hewani kabisa. Tulirudi nyuma karibu mwaka mzima. Alilia siku mbili. Baada ya miezi mitano alikuwa amefidia yote, kwa sababu mtoto mkubwa akielewa hupanda vidato haraka kuliko mdogo.

Karibuni tujadili. Kama mna watoto waliopishana, semeni mnafanyaje.

Baba Pacha

Dada, umenigusa. Nina mapacha wa miaka 8 na binti wa miaka 12. Swali langu ni hilo la uwanja. Kumweka wa miaka 13 na wa miaka 7 kwenye somo moja la sayansi, si ndio kumdumaza mkubwa? Au somo linakuwa gumu, mdogo anakaa kama mzigo? Naomba mfano wa somo moja lilivyokwenda, mwanzo mpaka mwisho. Nadharia naielewa.

Mama Watatu (mleta uzi)

Kaka, swali zuri. Nitatoa somo la mwaka jana, walipokuwa na miaka 12, 9 na 6. Lilituchukua siku nne.

Mada ilikuwa dunia ni mviringo, na watu walijuaje kabla ya setilaiti. Siku ya kwanza niliwasimulia Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki aliyeishi Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Alijua kwamba mji wa Syene, kusini mwa Misri, kuna siku moja katika mwaka ambapo adhuhuri jua husimama utosini, mwanga ukafika chini kabisa ya kisima. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, Alexandria vitu vina kivuli. Kwa nini? Niliishia hapo, sikujibu. Tulisimika kijiti wima uani, tukaanza kazi.

Mdogo kazi yake ilikuwa chaki. Kila baada ya saa moja anakwenda kuchora kivuli kilipofikia. Hakuna hesabu, hakuna kuandika. Jioni ana michirizi iliyotandazwa kama vidole vya mkono, na yeye ndiye aliyegundua kwamba wa katikati ndio mfupi kuliko yote. Alinivuta mkono kunionyesha, hakusubiri nimuulize.

Wa kati alikuwa na rula na daftari. Anapima kila mchirizi kwa sentimita, anaandika saa upande mmoja na urefu upande wa pili, kesho yake anachora grafu. Grafu ilikuwa mada yake ya hesabu wakati ule, kwa hiyo kipindi kile cha ngazi tulikiacha. Alikuwa ameshakifanya.

Mkubwa alichukua urefu wa kijiti na urefu wa kivuli cha adhuhuri, akachora pembetatu kwa kipimo kwenye karatasi, akapima pembe kwa kipimapembe. Kisha nikampa namba za Eratosthenes: pembe ya Alexandria ilikuwa nyuzi 7.2, na umbali hadi Syene stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha umbali cha Wagiriki wa kale). Nyuzi 360 za duara zima gawanya kwa 7.2 ni 50. Kwa hiyo umbali ule ni sehemu moja ya hamsini ya mzunguko wa dunia, na mzunguko mzima ni stadia 250,000. Alikaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo hakusafiri kuzunguka. Alikaa na kivuli tu." Siku ya nne aliandika ukurasa mmoja na nusu kueleza hesabu ile kwa mtu asiyeijua.

Ni somo moja, na mimi nilijiandaa mara moja. Mkubwa hakudumaa na mdogo hakuwa mzigo, kwa sababu kila mmoja alidaiwa kitu tofauti. Watoto wanasikia habari ileile, kazi ndiyo inayotofautiana. Ukitoa kazi moja kwa wote watatu, hapo ndipo hofu yako inakuwa kweli.

Mwalimu wa Chaki

Naomba nichangie kama mtu aliyefundisha madarasa ya msingi kwa muda mrefu, na sasa nina wajukuu wawili nyumbani.

Kuchanganya rika si jambo geni. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Rome, Januari 1907, aliwaweka watoto wa umri tofauti chumba kimoja, na mpaka leo shule zinazofuata njia yake hupanga kwa vikundi vya miaka mitatu mitatu: 3 hadi 6, 6 hadi 9, 9 hadi 12. Naye Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1960 alitetea mtaala unaorudi kwenye mada ileile kila baada ya muda, kila mara kwa kina zaidi. Kwa hiyo mama anachofanya kina mizizi.

Lakini nina mawili ya kupinga.

Kwanza, tofauti ya miaka mitatu inabebeka. Miaka sita ni kazi nyingine. Mwenye watoto wa miaka 13, 10 na 7 asijilazimishe kuwa na watatu kwenye kila kitu. Awapange wawili wawili inapobidi: wakubwa wawili kwenye mada nzito, wadogo wawili kwenye mada ya kugusa na kucheza. Historia ina vita, ina utumwa, ina mauaji. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuambiwa kwamba watu waliuzwa na kwamba lilikuwa kosa kubwa. Hapaswi kusikiliza maelezo ya ndani ya meli za watumwa ambayo wa miaka 13 anapaswa kuyasoma. Ukisoma kwa sauti mbele ya wote, utamficha mkubwa ukweli au utamtisha mdogo.

Pili, sayansi si uwanja milele. Hadi miaka 11 au 12, ndiyo. Baada ya hapo kemia na fizikia zinageuka ngazi. Huwezi kusawazisha milinganyo ya kemia kama hujui atomu na hujui uwiano. Mkubwa wako, mama, yuko mlangoni. Mwaka huu mpe kitabu chake mwenyewe cha sayansi, hata kama bado anakuja kwenye majaribio ya pamoja.

Mama Watatu (mleta uzi)

Mwalimu, ahsante. La pili nalikubali moja kwa moja, nimeshaanza kuliona: maswali yake yanahitaji hesabu ambayo somo letu la pamoja haliigusi. La kwanza nalikubali nusu. Kwenye mambo mazito nasoma kitabu chepesi na wote, kisha mkubwa anabaki na kitabu chake na tunazungumza wawili jioni, wadogo wakiwa wamelala. Mazungumzo yale ya jioni yamekuwa somo lake bora kuliko yote.

Dada wa Kalamu

Samahani naingiza jambo ambalo nimelibeba muda mrefu. Nina watoto wawili, wa kiume miaka 10, wa kike miaka 8. Binti anasoma vizuri sana. Kaka yake bado anasoma kwa shida, neno kwa neno, anakisia mwisho wa neno. Nilipowatoa shule nikadhani nyumbani aibu itaisha. Imekuwa kubwa zaidi. Shuleni alikuwa mmoja kati ya wengi, nyumbani anamwona mdogo wake kila siku akimpita. Juzi alificha kitabu chake chini ya godoro. Masomo ya pamoja nayo yananishinda, maana nikisema "someni ukurasa huu" yule mmoja anamaliza na mwingine yuko mstari wa pili. Nifanyeje jamani?

Mwalimu wa Chaki

Pole sana mama. Kabla ya mtaala, mpeleke akapimwe macho na masikio. Halafu sikiliza kwa makini anakosea wapi. Mtoto anayekisia mwisho wa neno kwa kawaida hajashika sauti na herufi, amekuwa akiishi kwa kukariri umbo la neno na kutazama picha. Dawa yake ni kurudi kwenye sauti, kwa utaratibu, dakika 15 hadi 20 kila siku, si saa nzima mara mbili kwa wiki.

Na mpime kwa lugha zote anazosoma. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, irabu tano, silabi nyingi zinaishia kwa irabu. Kiingereza hakiko hivyo hata kidogo. Wapo watoto wanaoitwa wazito wa kusoma, kumbe Kiswahili wanasoma vizuri na kilichowakwamisha ni tahajia ya Kiingereza. Akikwama kwenye zote mbili, na kwa mafunzo ya kila siku kwa miezi kadhaa hasogei, tafuta mtu wa kumpima disleksia, yaani shida ya kudumu ya kusoma na tahajia. Haina uhusiano na akili ndogo.

Mama Watatu (mleta uzi)

Dada yangu, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Hilo la godoro limenikaa moyoni.

Nyongeza zangu ni za upande wa kupanga. La kwanza: wasitumie vitabu vya mfululizo mmoja. Kama binti yuko kitabu cha 4 na kaka kitabu cha 2 vya mchapishaji yuleyule, vyenye jalada la aina moja, umewawekea mashindano mezani. Mchukulie kaka mtaala wa kusoma wa mchapishaji mwingine kabisa, ikiwezekana ule ulioandikwa kwa watoto wakubwa wanaoanza upya, usio na picha za watoto wadogo. Mimi nilifanya hivyo kwenye hesabu, na pale ambapo jalada lilikuwa na namba ya darasa nilivalisha vitabu vyote karatasi ya kahawia.

La pili: kipindi chake cha kusoma kiwe mahali ambapo mdogo wake hasikii. Binti apewe kazi ya chumba kingine. Mlango ufungwe. Usiseme kwa nini.

La tatu, na hili naomba ulishike kuliko yote: usiache shida ya kusoma imfungie milango ya masomo mengine. Kwenye masomo ya pamoja usiseme "someni". Soma wewe kwa sauti, au tumia vitabu vya kusikiliza. Akili yake ni ya miaka 10, inahitaji historia na sayansi ya miaka 10, hata kama macho yake yako kwenye kitabu cha chini. Mtoto akinyimwa maarifa kwa sababu ya kusoma polepole, baada ya miaka miwili atakuwa na shida mbili.

Kisha tumia simulizi. Njia hii inatajwa sana na wanaomfuata Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza (1842–1923). Unasoma kifungu mara moja tu, hurudii, kisha mtoto anasimulia alichosikia kwa maneno yake. Hakuna maswali ya kuchagua a, b, c. Aliye chini ya miaka 6 Mason hakumdai simulizi. Wa miaka 7 au 8 anasimulia kwa mdomo, wa miaka 10 anaanza kuandika kidogo, wa miaka 13 anaandika nzima. Kwa kijana wako, achana na umri, asimulie kwa mdomo tu na wewe uandike. Mara nyingi mtoto asiyesoma vizuri ana masikio makali, na pale ndipo mdogo wake atamsikia akieleza kitu vizuri kuliko yeye.

Jambo dogo ambalo lilinichukua mwaka kulijua: anzeni na mdogo. Mkubwa akianza kusimulia anamaliza maneno yote, mdogo anabaki kusema "kama alivyosema kaka". Mdogo akianza, anatoa mawili matatu, wa pili anaongeza, mkubwa anapanga na kusahihisha. Lakini kwako dada, kwa sasa, wabadilishe siku hadi siku, asije akajiona amewekwa mwisho kwa sababu ya shida yake.

Dada wa Kalamu

Nimelia. Ahsanteni. Naanza na mlango kufungwa, kesho.

Mpita Njia

Nimefuatilia kimya. Kitu kimoja hakijasemwa: kwa nini mkubwa asimfundishe mdogo? Kwetu tulivyokua ndivyo ilivyokuwa, kaka anakuelekeza. Na anayefundisha huelewa zaidi. Mzazi angepumua.

Mama Watatu (mleta uzi)

Nilijaribu. Nina msimamo mkali hapa na mnivumilie.

Kusaidia na kufundisha ni vitu viwili. Mkubwa akimsomea mdogo hadithi, akimuuliza jedwali la kuzidisha wakiwa wanakunja nguo, akimwonyesha jinsi ya kushika dira, ni sawa kabisa, wote wawili wanafaidi. Lakini nilipomkabidhi mkubwa kipindi kizima cha hesabu cha mdogo wake, mambo mawili yalitokea. Alianza kumkaripia kwa sauti yangu ya siku mbaya, na niliposikia ile sauti nikajijua. Na mdogo akaanza kumchukia kaka yake kwa makosa ya kutoa na kukopa. Undugu wao ni wa maisha yote, kutoa na kukopa kutapita. Tena mkubwa naye ni mwanafunzi: kila dakika 30 anazofundisha ni dakika 30 za masomo yake.

Kanuni yangu ni dakika 15 kwa siku, kitu ambacho mdogo ameshakielewa na anahitaji mazoezi tu, na mkubwa ana ruhusa ya kukataa.

Baba Pacha

Mimi kidogo natofautiana. Binti yangu wa miaka 12 anapenda kuwaelekeza mapacha, ukimnyima ananuna. Ila hiyo ya ruhusa ya kukataa naichukua.

Mama Kichanga

Jamani na sisi wenye wa mwaka na nusu? Wakubwa wangu ni 6 na 9. Kila nikifungua kitabu, kichanga anapanda mezani.

Mwalimu wa Chaki

Mama, anza naye yeye. Dakika 15 za kwanza za siku ni zake, za kupakatwa na kuchezewa, kabla hujamgusa mwingine. Mtoto aliyeshiba mama hutulia zaidi kuliko aliyefukuzwa tangu asubuhi. Kisha weka kapu la vitu vinavyotoka wakati wa masomo tu na kurudi kabatini masomo yakiisha, vile ambavyo hawezi kuvimeza. Ngazi zinazohitaji macho yako, hasa hesabu ya wa miaka 6, zipange anapolala mchana. Somo la pamoja, la kusoma kwa sauti, linaweza kufanyika akiwa mgongoni.

Kwa hesabu ya wawili hao, vijiti vya Cuisenaire vitakufaa. Vilibuniwa na mwalimu wa Ubelgiji, Georges Cuisenaire: vijiti vya rangi kumi, cha kwanza sentimita 1, cha mwisho sentimita 10. Wa miaka 6 anajenga vidato na kuona kwamba 4 na 6 ni sawa na 10. Wa miaka 9, kwa vijiti vilevile, anaona kwamba cha 5 ni nusu ya cha 10 na cha 2 ni sehemu ya tano. Kifaa ni kimoja na ngazi ni mbili. Kile cha sentimita 1 ufiche mbali na kichanga.

Mama Kichanga

Shukrani mwalimu.

Baba Pacha

Swali la mwisho kutoka kwangu, la mitihani na sheria. Kuunganisha ni kuzuri, lakini huko mbele kuna mtihani wa taifa au wa kimataifa, na kila mtoto anaketi peke yake.

Mwalimu wa Chaki

Sheria kwanza, kabla ya kununua hata kalamu. Nchi hazifanani. Ujerumani, kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shule hakuruhusiwi, na mzazi anaweza kutozwa faini. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila masharti yanatofautiana: kuna jimbo ambalo hutoi hata taarifa, na kuna jimbo linalodai mpango wa masomo, ripoti na mtihani. Uliza unapoishi na upate jibu la maandishi.

Mtihani, mimi ningehesabu kurudi nyuma. Chukua umri atakaofanya mtihani mkubwa wa sekondari, toa miaka mitatu. Kuanzia hapo muhtasari wa mtihani ndio mtaala wake, na masomo ya pamoja kwake yanabaki mawili matatu ya kuipa nyumba ladha. Uliza mapema pia kama mtahiniwa wa kujitegemea anakubaliwa, na masomo ya maabara anafanyia wapi. Wengi wanachelewa hapo kwenye maabara.

Mama Watatu (mleta uzi)

Naongeza upande wa wadogo. Kabla ya miaka hiyo ya mtihani, historia tunaizungusha kwa miaka minne: zama za kale, zama za kati, kisha karne ya 16 hadi ya 18, kisha karne mbili hizi za karibuni. Tukimaliza tunarudi mwanzo. Mtoto akianza na miaka 6 atapita mizunguko mitatu kabla ya kutimiza 18. Kwa hiyo sijali kama mdogo ameingia katikati ya mzunguko, akaanza na zama za kati kabla ya Misri ya kale. Misri itarudi akiwa mkubwa zaidi. Wazazi wengi wanaogopa mapengo, nami nilikuwa hivyo. Kwenye ngazi pengo ni hatari, lishughulikie leo. Kwenye uwanja pengo halina madhara, maana mpira hurudi.

Na kila mtoto ana daftari moja la mstari wa wakati: mstari mrefu, kila tunachosoma anakibandika kwenye karne yake. Mdogo anabandika mchoro, mkubwa anaandika sentensi na mwaka. Eratosthenes yupo kwenye yote matatu.

Dada wa Kalamu

Nimerudi, wiki ya tatu leo. Mlango unafungwa kila siku dakika 20, kitabu kipya hakina namba ya darasa. Kusoma bado ni kugumu, amesogea kidogo tu kwenye silabi za konsonanti mbili. Lakini jana nilisoma kwa sauti habari za chemchemi za maji moto na volkano, ilikuwa zamu yake kuanza kusimulia. Alisimulia karibu dakika saba. Dada yake aliuliza, "Hilo la gesi kunaswa ndani ya mwamba ulilisikia wapi, mama hakulisoma?" Kumbe nililisoma, yeye hakulishika. Akamweleza upya, kwa kuchora.

Kitabu nimekikuta mezani leo asubuhi. Sikukiweka mimi.

Swali: kile alichokisimulia nimekiandika mimi, ukurasa mzima. Anataka kukisoma mwenyewe. Maneno mengine ni makubwa kwake. Nimwache?

Mwalimu wa Chaki

Mwache. Maneno ni yake, anayajua kwa masikio. Andika upya kwa herufi kubwa kidogo, mistari ikiachana, na asome na wewe mlango ukiwa umefungwa. Akikwama mpe sauti ya silabi, usimpe neno zima.